Mtiki wa Boti Uliofubaa kwa Jua na Mvua: Fundi Anajibu Wasomaji

Barua nne za toleo hili zinahusu mbao za mtiki zinazofanya kazi juu ya maji, kuanzia Ziwa Nyasa hadi Bwawa la Mtera. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu mambo yaliyomo ndani yake yatawasaidia pia walioandika nyingine.

Swali: Ndugu Fundi, salaam. Mimi na mume wangu tuna nyumba ndogo ya wageni Matema, na mwaka jana tulinunua boti ya zamani iliyoletwa kutoka Dar es Salaam, ambayo tunaitumia kuwapeleka wageni Ikombe kuona vyungu vya Wakisi. Vishikio vyake, viti, mlango wa chumba cha usukani na sitaha ni vya mtiki. Vyote vimegeuka kuwa vya kijivu, sehemu nyingine zina madoa meusi, na vanishi ya zamani kwenye vishikio inabanduka. Fundi mmoja ametushauri tukodishe mashine ya msasa, tuondoe kila kitu hadi mbao mpya itokee, kisha tupake vanishi boti nzima pamoja na sitaha. Mwingine anasema tuioshe kwa maji ya presha. Tumsikilize nani? – Mama wa Matema, Kyela

Jibu: Mama, ushauri wa kwanza na wa pili utawapotezea mtiki ambao huenda bado ni mzima, kwa hiyo ninawasihi msifuate hata mmoja. Rangi ya kijivu haimaanishi kwamba mbao inaoza. Mionzi ya urujuanimno iliyomo katika mwanga wa jua huvunja lignini, yaani kile kinachozishikamanisha nyuzi za mbao, katika tabaka jembamba la juu kabisa. Mvua huyaosha mabaki hayo pamoja na sehemu ya mafuta ya asili ya mti, na zinazobaki ni nyuzi zilizopauka ambazo vumbi na kuvu hujishikiza. Kwa kawaida tabaka hilo halifikii hata unene wa milimita moja. Chini yake mtiki unabaki na rangi yake ya dhahabu na mafuta yake yanayozuia maji na wadudu, na kwa sababu ya mafuta hayo mabaharia wameuamini mti huu kwa sitaha zao kwa karne nyingi.

Kabla ya kununua chochote, chukueni kisu chenye ncha kali mkapime kila mahali ambapo ubao unakutana na mwingine, pembeni mwa kila skrubu, na kwenye vichwa vya mbao, yaani pale zilipokatwa. Ncha ikigoma, mbao ni nzima hata kama sura yake inasikitisha. Ikizama kwa urahisi, na mbao ikameng'enyeka vipande vifupi vifupi, huo ni uozo. Hapo hakuna mafuta wala vanishi itakayosaidia, na kipande hicho kitakatwa na kuwekwa kingine.

Baada ya kupima, osheni. Tumieni maji ya uvuguvugu, sabuni ya maji isiyo kali na brashi laini, na msugue kwa kukata nyuzi za mbao badala ya kuzifuata. Jambo hili dogo ndilo linaloamua sitaha itaishi miaka mingapi. Ubao wa mtiki una mistari migumu na mistari laini inayopishana. Ukisugua kwa kufuata nyuzi, brashi inachimba ile laini na kuacha matuta, matuta yanashika maji na uchafu, kisha mtu analazimika kupiga msasa ili kuyasawazisha, na kila msasa unachukua mbao isiyorudi. Maji ya presha hufanya uharibifu huo huo kwa asubuhi moja. Mashine ya msasa juu ya sitaha ni hatari zaidi, kwa sababu katika boti nyingi mtiki wa sitaha ni tabaka la milimita kumi au kumi na mbili tu lililobandikwa juu ya kitu kingine, na chini kidogo ya uso wake kuna vichwa vya skrubu vilivyofunikwa kwa vizibo vya mbao. Sitaha ikishakwanguliwa mara kadhaa, vizibo vinakuwa vyembamba na kuchomoka, maji yanapenya kupitia matundu ya skrubu, na uozo unaanzia chini ambako hamuuoni. Mkiona vizibo vinavyochomoka, au mpira mweusi wa kuzibia mianya umejitokeza juu ya mbao, jueni kwamba sitaha hiyo imekwisha kukwanguliwa vya kutosha.

Katika miji ya pwani mabaharia huosha sitaha kwa maji ya bahari, na wana sababu nzuri, kwani chumvi huwafanya kuvu wasistawi. Ninyi hamna msaada huo. Maji ya Ziwa Nyasa hayana chumvi, na Kyela ni miongoni mwa wilaya zinazonyeshewa zaidi nchini, kwa hiyo desturi ya pwani mkiifuata ziwani mtakuwa mnawanywesha kuvu. Kwenu dawa ni hewa na ukavu. Osheni kwa maji kidogo, futeni kwa kitambaa, na boti ikiwa imepumzika msiifunike kwa nailoni inayolala juu ya mbao; wekeni turubai iliyoinuliwa kwa fito ili upepo upite chini yake. Mkiwa na fedha ya jambo moja tu mwaka huu, ningependa iwe turubai hiyo, kwa sababu huzuia jua na mvua kwa pamoja, na hakuna vanishi inayofanya hivyo kwa bei hiyo.

Madoa meusi ni ya aina mbili. Yale yaliyosambaa kama vitone ni ya kuvu, na mengi yatatoka kwa sabuni. Yale yanayozunguka skrubu, misumari na bawaba yanatokana na chuma kinachokutana na maji pamoja na tanini, kemikali ya asili iliyomo katika mbao, na hayo hayatoki kwa sabuni. Tumieni asidi ya oksaliki, unga mweupe unaouzwa katika maduka ya kemikali: gramu 60 hadi 100 katika lita moja ya maji ya moto, ndani ya chombo cha plastiki, ipakwe kwa brashi juu ya mbao zilizolowa, iachwe kwa dakika kumi hivi, kisha isuuzwe kwa maji mengi zaidi ya mara moja. Asidi hii ni sumu. Vaeni glavu na miwani, iwekeni mbali na watoto, fanyeni kazi boti ikiwa imevutwa nchi kavu, na msiruhusu maji ya kusuuzia yateremke ziwani ambako watu wanachota maji na kuvua. Msuuze hadi kusibaki unga wowote, maana ukibaki, siku ya kupiga msasa utaingia kooni. Doa likitoka, ondoeni pia chanzo chake: toeni skrubu za chuma cha kawaida muweke za chuma kisichoshika kutu au za shaba nyeusi, la sivyo baada ya masika moja doa litarudi mahali pale pale. Kwa sababu hiyo hiyo msisugue mtiki kwa sufu ya chuma. Vipande vyake vidogo hubaki katika nyuzi za mbao na kuota kutu.

Sitaha na sehemu za viti wanakokanyaga wageni ziacheni bila vanishi. Zikiwa safi na za kijivu kinachong'aa kidogo, mtiki hauna dosari, na mguu wenye maji haupotezi mshiko. Vanishi juu ya sitaha huteleza, huchubuliwa na viatu na mchanga, kisha maji huingia chini yake na kukaa humo. Wageni wanaopanda boti kutoka ufukweni na miguu yenye mchanga wataimaliza vanishi hiyo kabla ya msimu kuisha.

Vishikio na mlango ni jambo jingine. Hapo vanishi inafaa na inapendeza. Kwangueni yote iliyobanduka, kwa sababu vanishi mpya haishiki vizuri zaidi kuliko ile iliyo chini yake. Pigeni msasa kwa mkono, safari hii mkifuata nyuzi: namba 120, kisha 180, na namba 80 pale tu palipo na matuta makubwa. Vaeni barakoa, kwa kuwa vumbi la mtiki huwasha ngozi na kuudhi kifua. Siku ya kupaka, futeni mbao kwa kitambaa chenye asetoni ili kuondoa mafuta ya juu, kisha pakeni bila kukawia, kabla mafuta mengine hayajapanda kutoka ndani. Nunueni vanishi ya matumizi ya nje yenye kinga dhidi ya mionzi ya jua. Ile ya makabati ya ndani itapasuka baada ya miezi michache. Mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza la vanishi, uchanganywe na thina nusu kwa nusu ili uzame ndani ya mbao, wa pili uwe na thina robo, na inayofuata iwe na kidogo sana au isiwe nayo kabisa. Kati ya mkono na mkono subirini ikauke usiku kucha, kisha pitisheni msasa namba 220 kidogo tu na mfute vumbi. Mikono mitatu haitoshi katika jua letu. Kusudieni sita hadi minane, na vichwa vya mbao vipeni mkono wa ziada kila mara, kwa kuwa ubao hunywa maji zaidi kupitia hapo kuliko kupitia upande wake wote mpana.

Nyakati pia zina maana. Masika ya Kyela yanayofika hadi Mei hayawapi nafasi. Anzeni kupima na kuosha mwezi Julai, pakeni vanishi Agosti na Septemba. Matema iko karibu na nyuzi 9.5 kusini mwa Ikweta, na jua hupita utosini katikati ya Oktoba na tena mwishoni mwa Februari; Oktoba anga ni kavu na wazi, kwa hiyo ni vema mkono wa mwisho uwe umekauka kabla mwezi huo haujafika. Kwa siku, anzeni saa nne asubuhi umande ukiwa umekauka, fanyeni kazi kivulini, na mmalize kabla ya saa tisa alasiri. Jihadharini na kungu, wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka ziwani kwa mawingu makubwa. Wingu hilo likielekea kwenu siku ya vanishi, ahirisheni, maana watanasa wote na mtalazimika kukwangua upya.

Baada ya hapo, kila baada ya miezi sita pitisheni msasa namba 320 na mpake mkono mmoja au miwili, hata kama vanishi inaonekana nzima. Ikichubuliwa na kamba au nanga, zibeni jeraha hilo wiki ile ile. Watu wengi husubiri mpaka vanishi ipauke na kubanduka, na wanapofika hapo hawana budi kuanza kazi yote tangu mwanzo, wakipunguza mbao kila mara.

Swali: Ndugu Fundi, mimi ni mvuvi wa Bwawa la Mtera, upande wa Iringa. Boti yangu ina kingo na benchi za mtiki ambazo zinapasuka nyufa ndogo ndogo. Wenzangu hupaka oili chafu ya magari kila mwaka na wanasema inazuia mchwa. Duka moja la vifaa limenionyesha mafuta ya kitani, na jingine kopo lililoandikwa kuwa ni mafuta ya mtiki. Nitumie lipi? – Mvuvi wa Mtera

Jibu: Ndugu yangu, oili chafu iache kabisa. Ninajua ni ya bei nafuu na kwamba mafundi wengi hupaka nguzo za uzio kwayo, lakini benchi la boti ni mahali unapokaa, unaposhika kwa mikono na unapoweka samaki wa kuliwa. Oili iliyotoka kwenye injini ina masizi na vipande vya metali, ina viambato vinavyodhuru ngozi, haikauki, na kila mvua inaiteremsha bwawani. Pia huziba njia: mtiki uliolowa oili hautashika vanishi wala gundi tena mpaka sehemu iliyolowa iondolewe. Kuhusu mchwa, kiini cha mtiki kina kinga yake mwenyewe, na boti inayoelea haifikiwi na mchwa wa ardhini. Ukiipandisha nchi kavu, iweke juu ya mawe au matofali isigusane na udongo.

Mazingira yako ni tofauti na ya Mama wa Matema. Mtera ni eneo kame, mvua yake ni chache na jua lake ni kali, kwa hiyo adui yako mkubwa si kuvu bali ukavu unaofungua nyufa. Kwako mafuta yanaweza kufaa, ilhali Kyela nisingeyashauri, kwa sababu mafuta ya kitani katika unyevu mwingi huwa chakula cha kuvu na mbao hubadilika kuwa nyeusi. Osha benchi, liache likauke vizuri, paka mafuta ya kitani yaliyochemshwa kwa tabaka jembamba, subiri robo saa hivi, kisha futa yote ambayo hayakuzama. Yakiachwa juu yatanata na kushika vumbi. Utarudia kila baada ya miezi miwili au mitatu, maana jua huyala mafuta upesi. Lile kopo linaloitwa mafuta ya mtiki halitoki katika mti wa mtiki. Mara nyingi ni mafuta ya kitani au ya mbegu nyingine yaliyochanganywa na thina na dawa ya kukausha. Si kitu kibaya, ila usilipe bei kubwa kwa sababu ya jina lake.

Sasa nisikilize kwa makini. Vitambaa ulivyofutia mafuta ya kitani vinaweza kuwaka moto vyenyewe, bila kiberiti. Mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa au kurundikwa hulizuia joto hilo lisitoke mpaka kifikie kiwango cha kuwaka. Vitandaze kimoja kimoja nje juu ya mawe hadi vikauke na kuwa vigumu, au vizamishe ndani ya ndoo ya maji. Usiviache ndani ya boti wala kwenye kibanda cha nyavu, hata kwa usiku mmoja.

Swali: Je, ninaweza kubadilisha mbao za mtiki zilizooza kwenye sitaha kwa kutumia paini au mkaratusi wa hapa kwetu? Tumezungukwa na msitu wa Sao Hill na mbao ni rahisi kupata. – Msomaji wa Mafinga, Mufindi

Jibu: Kwa sitaha, hapana. Paini isiyotiwa dawa huoza haraka pale maji yanapotuama, na mkaratusi hujikunja na kupasuka unapolowa na kukauka mara kwa mara. Aidha, mbao hizo hazitanuki kwa kiwango kimoja na mtiki ulio jirani yake, na mwanya utafunguka. Mtiki hauoti vizuri katika baridi ya Mufindi, lakini unapandwa katika bonde la Kilombero, Mtibwa na Longuza, na wafanyabiashara wa mbao wanaweza kukuagizia. Ukienda kuchagua, tazama rangi. Chukua sehemu ya kiini, ambayo ni ya kahawia yenye udhahabu, na ukatae ubao wenye ukingo mweupe, kwa kuwa ule weupe wa pembeni hauna mafuta ya kutosha na utaoza karibu kama paini. Ukikosa kabisa, mvule mkavu ni mbadala wa heshima.

Swali: Shikamoo, Fundi. Mimi ni seremala kijana hapa Njombe. Nilipata kazi ya kutengeneza mlango mdogo wa mtiki kwa boti iliyoko Itungi. Nilitumia gundi nyeupe ya maji ambayo huwa inanishikia vizuri kwenye mninga na paini, lakini baada ya mwezi mteja amerudisha mlango: viungo vimeachia na mlango hauingii tena kwenye fremu. Tatizo ni nini? – Seremala wa Njombe

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Una matatizo mawili, na yote yana dawa.

La kwanza ni gundi. Gundi nyeupe ya kawaida hulainika inapolowa, kwa hiyo haifai mahali popote penye maji. Tumia gundi ya epoksi, ile ya sehemu mbili zinazochanganywa. Hata hivyo, epoksi nayo itakuangusha ukiipaka juu ya mtiki uliorandwa juzi, kwa sababu mafuta ya mbao huwa yamekwisha kupanda juu. Piga msasa namba 80 kwenye nyuso zitakazokutana, zifute kwa asetoni kwa kitambaa safi, geuza kitambaa na ufute tena mpaka kisitoke na rangi, acha asetoni ipeperuke, halafu gundisha muda huo huo. Usikaze vibano kwa nguvu zako zote. Epoksi inahitaji kubaki katikati ya viungo, na ukiikamua yote itoke nje, kiungo kitakuwa kikavu. Utaona pia kwamba mtiki unafanya randa na patasi zako kuwa butu upesi kuliko mninga. Hiyo ni silika iliyomo ndani ya mbao, wala si kosa la chuma chako, hivyo noa mara kwa mara, kwa sababu makali yaliyochoka husugua na kuchoma uso wa mbao badala ya kuukata, na uso wa namna hiyo haushiki gundi.

La pili ni hali ya hewa. Umekausha na kupima mbao zako Njombe, juu kwenye baridi na ukavu wa kiangazi, kisha mlango umeteremka hadi Itungi, kwenye joto na unyevu wa ziwa, ambapo mbao imekunywa unyevu wa hewa na kutanuka. Mtiki hutanuka kidogo kuliko mbao nyingi, lakini mlango uliopimwa kubana utanasa tu. Acha nafasi ya milimita mbili hadi tatu kila upande, na bao la katikati lielee ndani ya mfereji wa fremu bila gundi ili liweze kusogea. Ikiwezekana, peleka mbao Kyela zikae kivulini wiki mbili au tatu kabla ya kipimo cha mwisho. Mlango uliorudishwa usiutupe: fungua viungo vyote, kwangua gundi nyeupe hadi ufikie mbao safi, randa kingo, na uunganishe upya kwa epoksi. Kabla ya kuukabidhi, lowesha vichwa vyote vya mbao kwa epoksi nyepesi, hasa upande wa chini wa mlango, ambao hakuna anayeuangalia na ambako maji hukaa.